Mwongozo Kamili wa Kumsaidia Mzee Kusimulia na Kutafakari Kumbukumbu Zake

Karibu kila anayeijaribu kazi hii huanza kwa namna moja na hukwama mahali pamoja. Huketi mbele ya mama yake au babu yake, huwasha kinasa sauti, kisha husema: "Babu, hebu tusimulie maisha yako." Babu hutaja alikozaliwa, kazi aliyoifanya na idadi ya watoto aliojaliwa, kisha hunyamaza. Rekodi nzima ni ya dakika nne. Mwulizaji huondoka akiamini kwamba mzee amesahau, au kwamba hataki kusema.

Mara nyingi mzee hajasahau. Swali ndilo lililomshinda, kwa sababu maisha ya miaka 80 hayana mpini mmoja wa kuyashika. Nami nililifanya kosa hilo kwa wazee wangu mwenyewe, na wawili kati yao hawapo tena ili nirudi kuwauliza vizuri. Hatua zinazofuata zinashika kanuni moja: anza na kitu kidogo kinachoshikika au kuonekana, mfuate msimulizi kule kinakompeleka, na uiache tafakuri ije baada ya tukio kusimuliwa, si kabla.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Viandae siku moja kabla, ili siku yenyewe usiwe unainuka kila mara kutafuta kitu.

- Vitu vitatu hadi vitano vya kuamsha kumbukumbu. Picha ya zamani, chombo alichokitumia kazini, nguo, barua, ufunguo, wimbo wa ujana wake. Vilivyotumika mkononi vina nguvu kuliko vilivyowekwa kabatini kwa pambo.
- Simu au kinasa sauti chenye nafasi ya kutosha. Saa moja ya sauti isiyobanwa, yaani faili ya WAV ya kiwango cha CD, huchukua takriban MB 635. Saa hiyo hiyo katika MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takriban MB 58. Kama nafasi ipo, chagua WAV.
- Chaja, hata kama betri imejaa.
- Daftari na kalamu kwa ajili ya majina na maswali utakayoyahifadhi, pamoja na penseli laini ya kuandika nyuma ya picha. Kalamu ya wino hupenya au kuacha alama upande wa mbele.
- Miwani ya mzee, kifaa chake cha kusikilizia kama anacho, na maji ya kunywa. Nimeona mazungumzo yakivunjika kwa sababu tu miwani ilikuwa chumba kingine na mzee aliona haya kusema kwamba haioni picha aliyopewa.
- Jina la mtu mmoja anayemtuliza, awe mwanawe, mwenzi wake au rafiki, ambaye unaweza kumpigia simu endapo kumbukumbu fulani itamwelemea.

## Hatua ya 1: Omba ridhaa yake, si ya watoto wake

Mwambie kwa maneno ya wazi unataka kufanya nini, nani atasikiliza rekodi, na itahifadhiwa wapi. Mwambie pia kwamba anaweza kukuambia uzime kifaa wakati wowote, na kwamba anaweza kufuta sehemu yoyote hata baada ya kumaliza. Kisha mwonyeshe jinsi ya kuzima na umwache ajaribu kwa kidole chake mwenyewe. Tendo hilo dogo humwonyesha nani mwenye mamlaka juu ya simulizi kuliko ahadi yoyote utakayoitoa.

Sababu si adabu peke yake. Mtu asiyejua nani atamsikia huchuja kila neno, na hutoa simulizi ile ile iliyonyooshwa anayoitoa kwa wageni.

Jihadhari na ridhaa ya kuazima. Binti akisema, "Mama hana neno, endelea tu," bado hujaruhusiwa. Ridhaa ya jana pia haitoshi kwa leo. Iombe kila mnapoketi.

Utajua hatua hii imekaa sawa pale mzee atakapoanza kuweka masharti yake mwenyewe: "Habari za kaka yangu tutaziacha," au "Hili wasikie wajukuu, majirani hapana." Mwenye masharti amekubali kweli. Yaandike.

## Hatua ya 2: Chagua saa na mahali

Wazee wengi huwa na nguvu zaidi asubuhi, baada ya kula na kunywa dawa zao. Kwa mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, yaani dimenshia, jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa wengi wao huchanganyikiwa na kukosa utulivu jua linapoelekea kuzama. Panga dakika 45 na usizidishe 60. Mazungumzo sita mafupi hutoa mengi kuliko mchana mzima mmoja, kwa sababu kati ya kikao na kikao akili yake huendelea kufanya kazi, mara nyingi neno la kwanza la kikao cha pili ni "Nilikumbuka jambo usiku."

Zima televisheni na redio. Keti mbele yake, uso wako ukiwa kwenye mwanga, si mgongo wako ukiwa dirishani, maana wengi hutazama midomo bila wao wenyewe kujua. Upungufu wa kusikia unaoletwa na umri huanza na sauti za juu, na humo ndimo zilimo konsonanti kama *s* na *f*. Ndiyo maana kupaza sauti hakusaidii sana: irabu huvuma, konsonanti hubaki zimepotea, na mzee husikia kelele badala ya neno. Punguza kasi, shusha sauti iwe nzito kidogo, na maliza kila neno.

## Hatua ya 3: Weka kifaa, kisha kisahau

Weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa ili mtikiso wa meza usiingie kwenye rekodi, umbali wa sentimita 30 hadi 50 kutoka kinywani mwake. Washa hali ya ndege ili simu isiite. Rekodi nusu dakika, sikiliza, rekebisha. Ukianza, sema tarehe, mahali na nani yupo. Baada ya miaka 20 sentensi hiyo ndiyo itakayoitambulisha faili ambayo jina lake limepotea.

Kuanzia hapo usikitazame kifaa tena. Kila unapokitupia jicho, naye hukitupia.

## Hatua ya 4: Anza na kitu, usianze na swali

Hapa ndipo penye ufunguo wa kazi nzima, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mzee mmoja niliyekuwa naketi naye alikuwa fundi cherehani kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Nilipomuuliza kuhusu kazi yake alinijibu, "Ilikuwa kazi nzuri," akanyamaza. Juma lililofuata niliweka mkasi wake wa zamani mezani bila kusema neno. Aliuchukua, akapitisha kidole gumba katika tundu lake, na chuma kikakaa pale pale kwenye sugu ambayo ilikuwa bado haijaisha kidoleni. Akaufungua na kuufunga mara mbili hewani, akautegea sikio. "Umelegea," akasema. "Uliwahi kudondoka huu." Nikauliza nani aliyeudondosha. Dakika 40 zilizofuata zilikuwa za mwanafunzi wake wa kwanza, kitambaa cha bibi harusi kilichokatwa kombo usiku wa kuamkia harusi, na jinsi walivyokesha wawili wakikiunga upya ili mshono usionekane.

Tazama kilichotokea. "Kazi" ni neno pana, na neno pana huita muhtasari. Mkasi una uzito, ubaridi na mlio wake, na vyote hivyo viliwahi kuwepo siku ile kitambaa kilipokatwa. Kumbukumbu ya tukio hurudi kwa urahisi zaidi pale sehemu ya mazingira yake inaporudi.

Chagua vitu kwa kuzingatia mambo mawili yanayojulikana vizuri katika utafiti wa kumbukumbu. La kwanza ni kwamba watu wa makamo na wazee hukumbuka kwa wingi usio wa kawaida mambo ya takriban umri wa miaka 10 hadi 30. Kama mzee ana miaka 80, basi nyimbo, picha na vifaa vya miaka 50 hadi 70 iliyopita ndivyo vitakavyomfungua zaidi, wala si picha za kustaafu kwake. La pili ni kwamba harufu huelekea kurudisha kumbukumbu za mapema zaidi, za utoto wa kabla ya miaka 10. Sabuni, mafuta ya mashine, mbao zilizorandwa karibuni: vitu hivyo ni vidogo, lakini vinafika mbali.

Mpe kitu kimoja tu kwa wakati. Kiweke mkononi mwake, si mbele ya macho yake tu, na usikieleze. Ukisema, "Hii ni picha ya harusi ya shangazi," umeshamalizia simulizi uliyokuja kuitafuta.

Hatua hii imefanikiwa pale mikono yake inapoanza kusema kabla ya kinywa: anapima, anakunja, anaelekeza mahali fulani hewani.

## Hatua ya 5: Uliza swali linalojibiwa kwa macho

Swali zuri humrudisha mtu mahali fulani na kumwacha atazame. Linganisha haya:

Badala ya "Utoto wako ulikuwaje?" sema, "Mama, ukisimama mlangoni mwa nyumba mliyokuwa mkiishi ukiwa mtoto, mkono wa kulia kuna nini?"

Badala ya "Babu yako alikuwa mtu wa namna gani?" sema, "Alipokuwa akirudi jioni, ulijuaje kwamba ndiye?"

Badala ya "Uliipenda shule?" sema, "Uliketi karibu na nani?"

Maswali ya kwanza katika kila jozi yanaomba hukumu, na hukumu huja kwa neno moja: nzuri, mkali, ndiyo. Ya pili yanaomba kutazama. Mtu akishatazama, huona zaidi ya alichoulizwa, na ziada hiyo ndiyo unayoitaka.

Kuna onyo zito hapa: usitie jibu ndani ya swali. Mwaka 1974 watafiti Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yanayogongana, kisha wakawauliza kuhusu kasi ya magari hayo. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, chenye maana ya kupondana, walitaja kasi kubwa kuliko walioulizwa kwa kitenzi cha kawaida. Na juma moja baadaye walioulizwa kwa kitenzi hicho kikali walikuwa wengi zaidi katika kusema kwamba waliona vioo vilivyovunjika, ilhali havikuwepo. Hao walikuwa vijana, na walikuwa wameona filamu muda mfupi uliopita. Basi ukimwuliza bibi, "Uliogopa sana, sivyo?" kuhusu usiku wa miaka 60 iliyopita, huenda ukampa hofu ambayo hakuwa nayo, na kuanzia siku hiyo atakuwa nayo. Uliza tu, "Ikawaje?"

"Ikawaje," "Halafu," na "Nani mwingine alikuwepo" ni maswali matatu yanayotosha kubeba nusu ya kikao. Andika mengine daftarini na uyasubirishe. Kumkatiza mtu aliye katikati ya tukio ili umwulize mwaka ni kumtoa nje ya nyumba ambayo ametumia dakika kumi kuingia.

## Hatua ya 6: Nyamaza, na uhesabu hadi kumi

Mzee akinyamaza, vijana wengi hungoja sekunde mbili kisha hujaza pengo kwa swali jipya. Wanapofanya hivyo huwa wameua jibu lililokuwa njiani. Akili yenye umri hutafuta taratibu zaidi, na ina mengi ya kupekua. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Usikohoe, usiitikie "ehe" mfululizo, usiinamie daftari. Mtazame kwa upole, au tazama kitu kilicho mkononi mwake.

Si kila kimya kinafanana. Macho yakiwa yameelekea mbali, midomo ikigusana kidogo, vidole vikisugua kitu, yuko safarini, mngoje. Akikutazama wewe, amefika na amemaliza, uliza. Akitazama mlango au saa, amechoka; funga kikao.

Fundi niliyemtaja aliwahi kunyamaza kwa muda ambao kwenye rekodi nilikuja kuukuta ni sekunde 23. Kilichofuata baada ya hapo kimo katika Hatua ya 9, na ningelizungumza katika sekunde ya tano nisingelipata kamwe.

## Hatua ya 7: Usisahihishe, na usikimbie marudio

Atakosea miaka. Atachanganya majina ya wajomba wawili. Atasema mvua ilinyesha siku ambayo mwenzake anaapa kwamba jua lilikuwa kali. Acha. Andika daftarini alama ya swali na uthibitishe kwingine, kwa sababu anayesahihishwa mara mbili huanza kujilinda, na anayejilinda hutoa tarehe tu. Kama ndugu mwingine ameketi nanyi na ni mwepesi wa kusema, "Hapana, haikuwa hivyo," mwombe kwa heshima asimulie yake siku nyingine.

Pia atarudia. Simulizi moja utaisikia mara tano, kwa maneno yale yale, na utajaribiwa kusema, "Ulishatuambia." Usiseme. Simulizi inayorudiwa mara nyingi imebeba jambo ambalo bado analishughulikia. Iingie kwa upande mwingine: uliza habari za mtu ambaye katika simulizi hiyo hupita bila kutajwa jina, au uliza walitembeaje kufika hapo. Mara nyingi maneno yaliyokaririwa hukatika papo hapo, na mzee huanza kukumbuka upya.

## Hatua ya 8: Machozi, na mambo yasiyopaswa kuchimbwa

Machozi peke yake si ishara kwamba umekosea. Watu hulia kwa kuwakumbuka waliowapenda, na wakishamaliza huvuta pumzi na kuendelea. Sogeza maji karibu, baki kitini, na usiharakishe kusema, "Basi, usilie." Baada ya kitambo uliza: "Tuendelee, au tuliweke kando kwa leo?" Kisha tii jibu lake.

Zipo hata hivyo kumbukumbu zinazomsaidia mtu na zipo zinazomzungusha. Mwaka 1991 Lisa Watt na Paul Wong waligawa namna za wazee za kukumbuka katika makundi sita. Mawili yaliambatana na uzee wenye nafuu: lile la kuyaunganisha yaliyopita na kuyakubali, na lile la kukumbuka jinsi mtu alivyotatua matatizo. La kurudia hatia na uchungu bila kutoka liliambatana na hali iliyo kinyume. Kwa hiyo sikiliza mwendo wa simulizi, si huzuni yake. Je, kila anapoisimulia kuna kitu kinasogea, au anarudi kwenye sentensi ile ile, "Ningemzuia asiende," na kuishia hapo?

Akiwa anazunguka hivyo, usimsukume ndani zaidi. Mpeleke kwenye kumbukumbu ya uwezo: "Baada ya msiba ule, mlifanyaje ili watoto wapate kula na kusoma?" Na kama baada ya vikao hapati usingizi, hali chakula, anajilaumu mfululizo au anasema maisha hayana maana, simamisha kazi na umpeleke kwa daktari au mshauri nasaha. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, inatibika kwa wazee, wala si sehemu ya kawaida ya uzee.

Vita, ukatili wa nyumbani, kufiwa na mtoto: mambo haya huyaombi. Akiyaleta mwenyewe, yapokee. Asipoyaleta, simulizi imekamilika bila hayo.

## Hatua ya 9: Sasa ndipo tafakuri inapoingia

Wengi huanza na tafakuri: "Bibi, maisha yamekufundisha nini?" Anayeulizwa hivyo hutoa methali, na ana haki, maana umemwomba hotuba. Tafakuri ya kweli hukua juu ya tukio ambalo limeshasimuliwa kwa undani. Ngoja mpaka tukio liwe limekaa mezani lote, ikiwezekana mpaka kikao kinachofuata, kisha lirudie kwa swali moja.

Maswali yanayofanya kazi ni yale yanayoweka umri mbili pamoja: yeye wa wakati ule na yeye wa leo. "Wakati ule ulifikiri baba yako amekosea, leo ukiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao, unamwonaje?" "Ungeweza kuketi na yule msichana wa miaka 19, ungemwambia nini?" "Kuna mtu katika habari hii ambaye hukuwahi kumshukuru?" Uliza moja. Kisha rudi kwenye Hatua ya 6.

Nilimrudia yule fundi na kumwuliza kwa nini hakumfukuza mwanafunzi aliyeharibu kitambaa. Hapo ndipo zilipopita zile sekunde 23. Akasema: "Kwa sababu nami niliwahi kukata kombo, nikamsingizia mwenzangu, akafukuzwa yeye." Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Sikusema kwamba si kitu, wala sikusema kwamba ameshasamehewa. Haikuwa kazi yangu. Nilimwuliza jina la yule mwenzake, akanitajia taratibu, jina la kwanza na la baba yake.

Robert Butler, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliandika mwaka 1963 kwamba wazee kurudi nyuma na kuyapitia maisha yao, hasa yale ambayo hayakupata kutatuliwa, ni jambo la kawaida la umri huo, wala si dalili ya akili kudhoofika. Nalitaja hili kwa sababu bado tunawasikia watu wakisema, "Mzee amezama katika ya kale, mtoeni huko." Wengine hawahitaji kutolewa. Wanahitaji mtu wa kuketi nao humo.

Kipimo cha mafanikio hapa si jibu zuri. Ni pale anapojishangaa mwenyewe: "Sijawahi kulifikiria hivyo."

## Hatua ya 10: Mrudishe leo kabla hujaondoka

Usizime kifaa katikati ya jambo zito na kuaga. Tumia dakika kumi za mwisho kupanda kutoka zamani kuja sasa: kumbukumbu nyepesi, kisha habari za leo, za wajukuu, za dirisha linalohitaji kurekebishwa. Mshukuru kwa kitu mahususi alichokisimulia, si kwa "mazungumzo mazuri." Mwulize kama kuna alichokisema ambacho angependa kifutwe. Mpigie simu kesho yake, kwa kuwa uchungu mwingine hufika usiku.

## Mzee mwenye dimenshia: yanayobadilika

Mapitio ya utafiti yaliyotolewa mwaka 2018 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikuta kwamba mazungumzo ya kumbukumbu yanaweza kuwanufaisha wenye dimenshia, ila faida hiyo mara nyingi ni ndogo na hutofautiana sana kulingana na mahali na namna yanavyofanywa. Usiifanye hii kuwa dawa. Ifanye iwe muda mwema.

Punguza kikao hadi dakika 15 au 20. Achana kabisa na swali linaloanza na "Unakumbuka," kwa kuwa ni mtihani, na akishindwa anajua ameshindwa. Sema wewe kwanza: "Mkasi huu ni mzito." Mwache aushike. Nyimbo za ujana wake mara nyingi hudumu hata maneno yanapokuwa yamepungua, hivyo imba naye badala ya kumhoji. Akimzungumzia aliyefariki kana kwamba yuko hai, usimpe habari ya msiba upya, uliza, "Anapenda kufanya nini?" Ridhaa yake isome mwilini: akisukuma kitu, akigeuza uso, akishika nguo yake kwa wasiwasi, amekataa.

## Hatua ya 11: Hifadhi, andika, kisha msomee

Siku hiyo hiyo nakili faili, uipe jina lenye tarehe na mada, na uwe na nakala tatu katika vifaa vya aina mbili tofauti, moja kati yake ikiwa nje ya nyumba. Simu huibiwa na kompyuta huharibika.

Nyuma ya kila picha iliyozungumziwa andika kwa penseli majina, mahali na mwaka unaokadiriwa, ukibonyeza kidogo tu. Ukitaka kuipiga picha upya, tumia mwanga wa mchana bila taa ya kamera.

Kuandika neno kwa neno ni kazi ndefu: saa moja ya sauti huchukua saa nne au zaidi kuiandika kwa mkono. Kama huwezi yote, andika orodha ya dakika na mada, kisha uchague kurasa mbili tatu za kuandika kikamilifu. Usimsafishie lugha. Neno lake la zamani, hata kama wewe hulitumii, libaki kama alivyolitamka. Kurudia kwake na kusita kwake vinaweza kupunguzwa, lakini usimpe sentensi ambazo hangezisema.

Kisha rudi umsomee, taratibu na kwa sauti, ukiwa na kalamu mkononi. Usomaji huu si wa heshima tu. Ndiko kusahihisha kunakokubalika, kwa kuwa ni yeye anayesahihisha. Andika kila anachobadilisha hata kama unakiona kidogo. Fundi wangu alinisimamisha katika ukurasa wa kwanza kabisa, pale nilipoandika kwamba aliufungua na kuufunga mkasi mara mbili. "Tatu," alisema. "Mara ya kwanza unasikiliza bawaba, ya pili makali, ya tatu ncha. Andika tatu." Kwenye rekodi inasikika mara mbili. Nilimwandikia tatu, nikaweka alama pembeni, naye akanyoosha mkono kuomba mkasi ili anionyeshe ile ya tatu.